Eda Ndani ya Gari

"Bi Mize, hivi eda hukaliwa ndani ya gari?"

Aliyeuliza ni Salhiya, jirani yake wa Uroa, mkulima wa mwani mwenye vidole vilivyochunwa na chumvi na mdomo usiojua kungoja. Aliuliza khitma ishasomwa na sufuria zishaoshwa, wanawake wanne wamebanana juu ya kitanda kwa kuwa ndani hamkuwa na nafasi ya mtu wa tano. Waliobaki walikaa nje juu ya majamvi, wakifuata mazungumzo kupitia madirisha.

Bi Mize hakukasirika. Alivuta mtandio wake, akaitazama mikono yake ambayo wanawake walikuwa wameivua bangili asubuhi ile ya msiba.

"Eda hukaliwa pale mume alipokuacha," akasema. "Mimi Borafya kaniacha hapa."

"Haya. Lakini gari lina magurudumu, shoga yangu. Na likiondoka?"

"Magurudumu yenyewe yako wapi?" mwanamke mmoja akadakia huko nje.

Wakacheka wote. Bi Mize naye alicheka kidogo, kisha akalia, kwa sababu ilikuwa kweli. Magurudumu Borafya aliyatoa mwenyewe zamani, akalikalisha lile gari juu ya matofali, akasema, "Sasa haliendi tena popote. Sasa ni nyumba." Matofali aliyolikalishia yalikuwa ya nyumba hasa, ile waliyokusudia kuijenga. Msingi wake ulikuwa hapo hapo nyuma ya gari, umeota majani, na kuku wa Salhiya walikuwa wakitagia ndani yake.

Salhiya hakuuliza kwa ubaya. Siku ya pili alifunga safari mpaka kwa Sheikh Hamid, imamu wa msikiti wao, akamweleza mambo yote kama yalivyo, akarudi na jibu. Sheikh alisema kuwa nyumba ni pale mtu anapolala, anapopika na anaposali, hata pakiwa ni hema. Mke aliyefiwa humo akae humo mpaka eda yake imalizike, miezi minne na siku kumi, wala asitoke ila kwa dharura. Na dharura ni kama vile nyumba kuogopewa kuanguka, au kukosa pa kukaa kwa sababu ya maji au moto.

"Kasema hivyo hivyo?" akauliza Bi Mize.

"Hivyo hivyo. Nimemrudisha nyuma mara mbili, mpaka akaniambia, 'Salhiya, nshasema.'"

Bi Mize akamshukuru Mungu. Lakini lile neno la maji lilimbaki kifuani, kwani masika yalikuwa yakikaribia, na lile gari lilikuwa likivuja.

Mwanamke huyu alizaliwa Mjini, Kiponda, katika nyumba ya mawe yenye ngazi ya kiza. Alipoolewa na Borafya walikodi chumba cha juu Malindi, na huko ndiko alikojifunza kuyajua maji. Maji ya mvua yalipita kwenye dari, yakaingia ndani ya ukuta wa chokaa, yakakaa humo kimya kimya, mpaka siku moja wakiwa wamekwenda kuhudhuria harusi ukuta wa upande wa uani ukashuka wote. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini chumba hakikuwapo tena, na mwenye nyumba hakuwa na neno la kuwapa zaidi ya pole. Ndipo Borafya alipomleta mkewe Uroa, kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake pamoja na dada yake Nadra, akapata kazi ya ulinzi kwenye hoteli ndogo ya pwani.

Lile gari alilipata hotelini. Mzungu mmoja mzee alikuwa amezunguka nalo nchi nyingi, akalivusha kwa meli ya mizigo, na lilipofika Uroa injini ikafa. Lilikuwa gari refu jeupe, ndani mna kitanda, kabati, jiko la gesi na meza ya kukunja, na madirisha sita ya kusukuma kwa pembeni. Mzungu alipoitwa na watoto wake arudi kwao, alimwachia Borafya gari na karatasi zake zote. Vijana walilivuta kwa kamba mpaka kiwanjani, njia nzima wakiimba kama wanaoleta bibi harusi.

"Tukae humu kwa muda tu," Borafya alimwambia mkewe. "Nyumba ikifika kwenye lenta tunahama."

Nyumba haikufika kwenye lenta. Haikufika hata kwenye dirisha. Kila walichoweka kilipata pa kwenda, mara mgonjwa, mara mazishi, mara saruji imepanda. Mungu hakuwajaalia mtoto. Bi Mize alikuwa akishona kofia, zile za vitobo, kwa mkono, na Borafya akirudi kutoka zamu alikuwa akilala mchana huku yeye anashona kwenye meza ya kukunja, na sauti pekee ilikuwa ya sindano ikitoboa kitambaa. Watu wa Mjini waliomjua walimwonea huruma. Yeye hakujionea. Alisema kuwa mume wake hakuwahi kumwinulia sauti ndani ya chumba ambacho mtu hana pa kukimbilia, na kwamba hilo si jambo dogo.

Borafya alifariki baada ya sala ya alfajiri. Alisema kichwa kinamuuma, akaketi kitandani, akaegemea dirisha, na Bi Mize alipogeuka na kikombe cha maji alikuwa keshakwenda. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nadra, wifi yake, alikuja kutoka Mjini akamlilia kaka yake kilio cha kweli. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alipoingia ndani ya gari, mkono wake ukagusa ukuta chini ya dirisha, ukuta ukabonyea.

"Wifi, hapa si pa kukaa mtu," akasema. "Njoo kwangu. Nina chumba, kina feni, choo kiko ndani. Na kuna mtu wa vyuma chakavu keshaniuliza habari ya hili gari. Yuko tayari kulivuta hata kesho."

"Kwanza nimalize eda yangu, Nadra."

"Hata kwangu utaimaliza."

"Kwako nitaimaliza kama mgeni. Hapa ndipo nilipokuwa mke wake."

Nadra akasema kwa upole, "Haya. Lakini masika yakianza utaniita mwenyewe."

Hapo ndipo Bi Mize alipoona kuwa jambo lake limebaki moja tu duniani. Mume hakumzalia, nyumba hawakuijenga, na maiti haioshwi mara mbili. Kilichobaki ambacho mke anaweza kumfanyia mume wake ni kumkalia eda, na kuimaliza pale pale alipomwacha. Gari likiwa kavu, atakaa. Likiingia maji, ruhusa ya Sheikh itageuka kuwa amri ya watu, nao watamtoa. Akamwambia Salhiya ampigie simu Pandu.

Pandu ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Alikwenda Mangapwani kijana, akajifunza kazi ya kutengeneza vyombo, na hata sasa, ambapo mashua nyingi ni za faiba, wavuvi wenye vyombo vya mbao bado humfuata kuwatilia kalafati. Hiyo ni kazi ya kuziba nafasi baina ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi na nyundo mpaka pasipite hata unyevu. Alikuja na kikapu chake begani, akanuka sifa, yale mafuta ya papa, kabla hata hajabisha hodi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Pandu. Umekuja na papa mzima?"

"Papa kabaki, nimekuja na jasho lake tu." Akalizunguka gari mara moja, akaligonga gonga kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa. "Hichi chombo kimeachwa juani siku nyingi. Raba zimekauka, zimepasuka kama kisigino cha mzee."

"Utaweza?"

"Dada, mimi nimeziba jahazi likiwa na maji ya magoti ndani yake. Gari litanishinda? Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Alifanya kazi kwa moyo wote, na hilo lazima lisemwe. Alipitisha pamba kwenye kila mwanya wa raba, akashindilia taratibu ili kioo kisipasuke, akapaka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa wanaopaka chini ya vyombo. Kisha akainama, akaona kitu. Chini ya kila dirisha, kwa upande wa nje, fremu ilikuwa na vitundu viwili vidogo, kimoja kulia na kimoja kushoto.

"Astaghfirullah! Dada, njoo uone. Hawa wazungu wametoboa chombo chini!"

Bi Mize akatoa kichwa dirishani. "Vya nini hivyo?"

"Vya nini? Vya kuingizia maji, ndiyo maana unalowa. Tundu la chini ndilo linalozamisha. La juu utafua maji ukachoka, lakini la chini halikupi hata nafasi ya kusema shahada."

Akaziba kimoja kimoja, pamba kwanza, kisha deheni, kisha akasugua kwa kidole gumba mpaka pakawa laini kama hapakuwahi kuwa na kitu. Alipofika dirisha la mwisho, lile dogo la jikoni, pamba ikamwishia. Akasema hilo ataliziba safari nyingine. Jioni alikula wali na samaki wa nazi, akamwambia dada yake alale bila wasiwasi. Bi Mize alilala akinuka papa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaona moyo wake umetulia.

Mvua ya kwanza ya masika ilikuja asubuhi, kubwa, ya kuanguka wima. Bi Mize alikaa katikati ya kitanda, miguu ameikunja, anatazama. Pale palipokuwa pakidondoka zamani palikuwa pakavu. Akasema alhamdulillahi kwa sauti. Kisha akasikia kitu kama mtu anayekunywa. Maji yalikuwa yakijaa ndani ya fremu ya dirisha, kwenye ule mfereji unaopita kioo, yakapanda polepole kama chai inavyopanda kwenye sahani ya mzee, yakafika ukingoni, yakamwagikia ndani. Hayakudondoka. Yaliteleza kwenye ukuta, mengine yakaingia nyuma ya ubao, na sekunde chache baadaye yakatokea chini, karibu na mguu wa kitanda.

Akampigia Pandu.

"Linavuja, Pandu. Linavuja kuliko mwanzo."

"Lazima livuje mwanzo, dada. Chombo kikavu kikitiwa majini huvuja siku mbili tatu. Mbao zikishalowa zinavimba, zikivimba zinabana. Ngojea. Usikipe haraka."

Akangoja. Mbao zikalowa, tena zikavimba kweli, lakini hazikubana. Zilikuwa mbao za plaiwudi, tabaka juu ya tabaka, na zilipovimba zikaanza kufumuka kama kitabu kilichoanguka kisimani. Sakafu karibu na mlango ikawa laini. Ukiikanyaga inaitika, kama boflo lililochovywa kwenye chai. Kofia mbili alizokuwa amezimaliza, nyeupe pee, zikaingia kuvu ya kijani kwenye vitobo, akazichemsha, akazianika ndani, zikatoka na rangi ya meno ya mvutaji. Akaacha kushona. Kikohozi kikamwingia, kile cha kifua kisichotoa kitu.

Alichohangaika nacho zaidi ni pa kusalia. Palikuwa na nafasi moja tu sakafuni inayotosha msala, baina ya kitanda na kabati, na hapo ndipo maji yalipopenda kukutana. Alijiambia kuwa maji ya mvua ni tohara, hayaunajisi msala, yanaulowesha tu. Alisali msala umelowa, akainuka kutoka kwenye sijda na uso wenye maji, na mtu angemwona angedhani amelia. Mara nyingine ilikuwa yote mawili.

Salhiya alikuwa akija kila siku na chakula chini ya mwavuli.

"Bi Mize, nimwite Nadra?"

"Bado."

"Unakohoa kama pikipiki."

"Nshasema bado, Salhiya. Pikipiki nayo inafika."

Salhiya akacheka, lakini alipotoka alisimama mvuani akalitazama gari kwa muda mrefu, na Bi Mize alimwona.

Ikawa siku moja ya mvua ya kutwa, naye hana la kufanya ila kutazama maji, akatanabahi jambo. Madirisha matano yalikuwa yakijaa na kumwagika ndani. La sita, lile dogo la jikoni, halikumwaga hata tone. Akasogea. Maji yalikuwa yakiingia kwenye mfereji wake vile vile kama mengine, lakini hayakupanda. Yalikuwa yakipotea. Akafungua mlango, akatoa kichwa, akaangalia chini ya fremu kwa nje. Kutoka kwenye vile vitundu viwili ambavyo Pandu hakuviziba, maji yalikuwa yakitoka nje, nyuzi mbili nyembamba, yanaanguka kwenye mchanga.

Bi Mize akakaa kwenye ngazi ya mlango, mvua inampiga magotini.

Ndipo alipomkumbuka Borafya, kila mwaka kabla ya masika, akilizunguka gari na njiti ya ufagio, akichokoa chokoa chini ya madirisha. Alikuwa akimcheka. "Unachokonoa nini huko, mwanamme mzima?" Na yeye akijibu, "Nnalisafisha masikio, lisije likawa kiziwi kama mke wangu." Miaka yote ile alidhani ni mzaha wa mtu asiye na kazi. Hakuwahi kumuuliza mara ya pili. Maji yaliingizwa njia yake kwa juu na yakatolewa njia yake kwa chini, na mumewe akiyafungulia mlango kila mwaka bila kusema, wala yeye hakujua kuwa ndiyo sababu wakilowa kidogo tu na si sana.

Alichukua sindano yake kubwa ya kofia, akajifunika vizuri, akatoka uani. Kizuka, mke aliye ndani ya eda, haruhusiwi kwenda kutembea, lakini uani kwake ni kwake. Akatoboa tundu la kwanza. Pamba ilikuwa imeshika kweli. Mdogo wake alikuwa fundi. Akachokoa, akavuta, kisha ghafla ikatoka, na nyuma yake yakatoka maji ya rangi ya chai, mengi, yenye harufu, pamoja na vipande vidogo vya ubao uliooza. Yalimiminika mpaka mkono wake ukafa ganzi. Akaenda la pili, la tatu, mpaka akayamaliza madirisha yote matano, vidole vimechubuka, na mtandio umemgandia mwilini.

Jioni ile hakukumwagika maji ndani. Akasali kwenye sakafu iliyolowa maji ya mchana, si ya jioni ile, akamwomba Mungu amrehemu Borafya na masikio ya gari lake.

Lakini ukuta ulikuwa umeshakunywa.

Pandu alikuja Ijumaa, baada ya sala, amebeba pamba mpya kwa ajili ya dirisha la sita. Bi Mize alimsikia akizunguka nje, kisha akamsikia akisimama.

"Dada! Nani kazibua hapa?"

"Mimi."

"Wewe?" Akatia uso dirishani. "Kwa nini, dada yangu? Chombo hakiachiwi tundu!"

"Hichi si chombo, Pandu."

"Kila kinachopigwa na maji ni chombo."

"Chombo kinakaa juu ya maji. Hili maji yanakuja kutoka juu. Yakishaingia kwenye fremu yanataka pa kutokea. Wewe umeyafungia ndani."

Pandu alikuwa na pamba mkononi, akaisokota, akaifumua. "Basi nitakuonyesha," akasema. "Nitabandua huu ubao, uone mwenyewe kama maji hayaingilii chini."

Bi Mize alitaka kumwambia aache. Alijua kitakachoonekana, na hakutaka mdogo wake akione. Lakini Pandu alikuwa keshaingia, na patasi yake keshaipenyeza nyuma ya ubao chini ya dirisha kubwa, lile lile alilokuwa ameliegemea Borafya. Hakuhitaji kutumia nguvu. Ubao ulikuja kama ngozi ya muhogo uliochemka. Nyuma yake mlikuwa na sponji nyeusi iliyojaa maji, na nguzo za mbao zilizoshika fremu zilikuwa zimegeuka udongo. Pandu aliigusa moja kwa kidole, kidole kikazama.

"Lahaula," akasema kwa sauti ndogo.

Na hapo dirisha lenyewe, kwa kuwa halikuwa tena na cha kulishika, likatoka. Halikuvunjika. Lilimlalia Pandu mikononi zima, fremu, kioo na pamba yake yote aliyoishindilia vizuri, na mahali pake pakabaki shimo kubwa lenye mbingu ya kijivu. Akakaa sakafuni amelipakata. Sakafu ikaitika chini yake, ikapasuka, mguu mmoja ukapita mpaka kwenye mchanga.

Mahali pengine watu wangecheka. Pandu mwenyewe, siku nyingine, angekuwa wa kwanza kucheka. Alikaa vile, mguu mmoja ndani ya gari na mmoja nje, akaanza kulia kama mtoto.

"Ni mimi, dada. Nimekuzamisha mimi."

"Huku kuoza si kwa masika moja," akasema Bi Mize. Sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli na sehemu aliitia mwenyewe, Mungu amsamehe. "Lilishaoza zamani. Borafya alikuwa akilishikilia tu. Toa mguu, utajichoma na misumari."

Walitundika turubai kwenye lile shimo. Upepo ukalijaza na kulitoa, likipiga makofi mchana kutwa. Mvua ikarudi ikaingia ubavuni, ikalowesha godoro upande aliokuwa akilala Borafya. Bi Mize alijaribu kuligeuza, lakini lilikuwa limeingia maji, zito kama maiti, akaliacha. Alikaa upande wake, ule mkavu, magoti kifuani, akahesabu kwa tasbihi si siku zilizobaki bali majina ya Mwenyezi Mungu, kwa sababu siku zilikuwa bado nyingi mno kuzihesabu.

Hakumwita Nadra. Salhiya ndiye aliyekwenda tena kwa Sheikh Hamid, na safari hii hakurudi akizungumza. Alikaa mlangoni, akavua viatu vyake vya plastiki, akavifuta mchanga kwanza.

"Kasemaje?" akauliza Bi Mize.

"Kasema uhame."

"Kasema nihame, au kasema naruhusiwa kuhama?"

"Kasema mtu kujiangamiza si ibada. Kasema hama kwenye sitara iliyo karibu, na eda yako inaendelea pale ilipofikia, hakuna kilichopungua." Salhiya akamshika mkono. "Hakuna kilichopungua, Bi Mize. Kanitilia mkazo nikufikishie."

Bi Mize akaitikia kwa kichwa. Aliamini kuwa ni kweli, kwa kuwa Sheikh ni mtu wa elimu na hukumu ni hukumu. Lakini katika moyo wake kilikuwa kimepungua, na hukumu haikuwa na dawa ya hilo.

Nadra alikuja asubuhi na gari la kukodi. Hakusema, "Si nilikwambia." Alikunja nguo za wifi yake moja moja, zilizolowa mbali na kavu mbali, akatia Msahafu ndani ya mfuko wa nailoni na kuufunga mara mbili. Pandu alikuwa nje, amesimama karibu na ule msingi, hana la kufanya na mikono yake. Nyuma ya gari la kukodi lilikuwa limesimama jingine, pikapu yenye mnyororo, na mtu wa vyuma chakavu amekaa ndani yake, kioo juu, anangoja kwa adabu.

Bi Mize aliiona ile pikapu. Alijifunika uso, akashuka ngazi ya kwanza, Nadra kamshika kiwiko. Kikohozi kikamshika, akasimama mpaka kikapita.

"Twende, wifi," akasema Nadra. "Mvua inakuja."

Bi Mize hakusogea. Aliweka mkono kwenye ubavu wa gari, kwenye lile bati jeupe lililokuwa bado linang'ara kwa nje kama halina ugonjwa, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ambayo angeombea chumvi:

"Nadra, mimi ntakwenda. Lakini hili gari naomba lisivutwe mpaka eda yangu imalizike."